Tone Jekundu Kwenye Ampli ya Papa Hangi

Neema alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa mlangoni pa kibanda changu hapa Ntoto, radio ya mama mmoja wa sokoni imefunguliwa mapajani. Mtandao wetu ni wa kuomba Mungu: neno moja linafika, mawili yanabaki milimani. Nilisikia "Papa", nikasikia "jana", halafu kimya, halafu kilio, na hapo sikuhitaji maneno mengine. Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya kibanda, pale tunapopanda wote tukitaka kusikilizana na watu wa mbali, nikampigia tena. "Dada Furaha," akasema, "Papa ametuacha. Alikula, akalala muchana, basi. Tunamuzika kesho kutwa. Kuja na vyombo yako, kwaya itaimba na hatuna sono ya kukuza sauti. Kuko ile ampli yake mu sanduku ya chuma. Tangu ile mwaka hakuna mwenye aliigusa. Na kaseti ya Mama iko pale pale." Nikamwambia nakuja. Nilipomaliza nikashuka kwenye kichuguu, nikaanza kukusanya vyombo.

Nina miaka arobaini na saba. Hapa wananiita Mama Radio, na hata wale wanaonitania kwamba mwanamke wa turnevisi, yaani bisibisi, na skrubu hapati mume, paneli zao za jua zikikataa wananiletea mimi. Kila kitu ambacho mikono yangu inakijua nilifundishwa na Papa Hangi, fundi wa radio wa Masisi, ndani ya mwaka mmoja. Na ndani ya mwaka huo huo nilimfanyia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri. Watu husema majuto ni mjukuu, huja mwishowe. Mimi wangu sikumngoja, alizaliwa siku ile ile, na tumekuwa tukiishi nyumba moja.

Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka Ntoto kwa miguu. Nani alinituma na kwa nini, hiyo ni habari nyingine na haina faida hapa. Nyumba ilikuwa ya mbao, chini kidogo ya soko, mbele kazi na nyuma jiko. Chumba cha kazi kilikuwa na meza moja ndefu iliyoungua kila mahali kwa chuma cha kulehemu, radio za watu zimepangwa ukutani hadi juu, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe, na kiti kimoja kilichofungwa kitenge cha bluu mgongoni. Mimi nililala kwenye kachumba ka nyuma yake. Nyufa za mbao nilizijaza magazeti, lakini gazeti halizuii sauti, kwa hiyo mwaka mzima nilisikia kila kilichosemwa mle ndani: Neema, binti yake wa miaka kumi na saba, akikariri Kifaransa cha shule; wateja wakisengenyana; na Papa Hangi akiomba peke yake alfajiri, kwa sauti ambayo kila mwezi ilizidi kuwa kubwa. Nilifikiri ni imani inayoongezeka. Mjinga mimi!

Tulikula watatu, kwenye meza ile ile ya kazi, tukisukuma waya pembeni: bugali na sombe ya majani ya muhogo, au maharagi, na Jumapili viazi na jibini ya Masisi iliyokatwa vipande vinene. Wajomba zake walimletea viazi kutoka Bihambwe, ambako ukoo wao ulilima mlima tangu zamani, na kila walipokuja walimuuliza lini ataacha kuchezea waya arudi shambani. Alicheka tu. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa vidole virefu, na hakuwahi kunifokea hata siku niliyounguza radio ya mkuu wa shule. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijafika. Sikumwona kamwe, lakini nilimjua kwa vitu vitatu: kitenge kile cha bluu, kaseti moja ya kwaya, na kachupa ka rangi nyekundu ya kucha.

Kachupa kale ndiko kalikuwa sheria ya nyumba. Papa Hangi akimaliza kazi, akishaweka kila skrubu mahali pake, alichovya kijiti kwenye rangi ya mkewe na kudondosha tone moja juu ya skrubu, likakauka na kuifunika kabisa. Maana yake: hapa nimemaliza, asiguse mtu. Radio ikirudi na tone limevunjika, alijua mwenye radio ameichezea, na hakubishana naye, alimwonyesha tu. "Kinywa ya muntu inaweza kudanganya," aliniambia wiki ya kwanza. "Tone haidanganye. Ukikuta tone, hata kama ni mimi nilikosea, usiguse. Uniambie." Nilisema ndiyo Papa. Nilikuwa nasema ndiyo Papa kwa kila kitu.

Habari ya masikio niliigundua kwa bahati. Nilirudi kutoka kuchota maji, nikamkuta ameuma mpini wa turnevisi kwa meno, ncha yake ameibana kwenye spika ya radio, macho amefumba. Alikuwa anasikiliza kwa mifupa ya kichwa. Aliponiona akautoa mdomoni, akaufuta kwa shati, akasema anapima kama spika inatetemeka sawasawa. Sikuuliza. Kwetu mtoto haulizi mzee habari ya mwili wake. Lakini tangu siku hiyo, mteja akiwa amesimama mbele yetu anangoja, mimi nilikaa upande ambao Papa alinipata kwa macho. Sauti ikikwaruza, niliinua kidole kimoja. Ikiwa nzito mno, viwili. Ikiwa sawa, nilikunja ngumi. Hakuna aliyenifundisha na yeye hakusema lolote, alifuata tu vidole vyangu. Na wateja waliondoka wakisifu: "Aka! Huyu muzee iko na masikio ya mbwa!" Tulikuwa tunaongea hivyo kila siku juu ya kitu ambacho hatukukitaja hata mara moja.

Kisha gari ikaja. Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, alikuwa na duka kubwa na malori matatu, na siku moja lori lake lilipanda kutoka Goma likiwa limebeba juu yake, katikati ya mifuko ya sementi, kagari kadogo ka milango miwili, kekundu, kafupi, kalikoinama mbele kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Gari ya course, alisema, ya mashindano. Haikuweza kupanda yenyewe, tumbo lake lingebaki kwenye matope ya Sake. Soko lote lilikuja kuangalia. Walipoishusha kwa mbao, mama mmoja muuza samaki wa kutoka Shasha akapiga kelele, "Eee Papa Kasereka, iyi ni gari ao ni sambaza?" Jina la visamaki vile vya ziwani likabaki hapo hapo. Sambaza iliweza kutembea mahali pamoja tu hapa duniani: kutoka parokia mpaka sokoni, ambapo barabara ilikuwa imemwagwa changarawe. Kama kilometa moja hivi.

"Nitafanya nayo nini?" Papa Kasereka alikuja kuuliza, amekaa kwenye meza yetu anakula viazi vyetu. "Bibi yangu anasema nimerogwa."

"Ya ndoa," Papa Hangi akajibu. "Kutoka kanisa mupaka ku sale ya karamu. Bibi-arusi anaingia mu Sambaza, muziki inapigwa, watu banakimbia nyuma."

"Muziki ya ile radio yake? Inalia kama kifaranga."

Papa Hangi akainuka, akaenda chini ya kitanda chake, akarudi na kitu kimekunjwa kwenye gunia. Ampli ndogo ya gari, chombo cha kukuza sauti, nyeusi, pana kama kitabu cha misa, aliyoinunua Goma zamani akingoja gari ya kuiweka. "Gari yako, ampli yangu," akasema. "Siku za ndoa tunafanya pamoja. Siku zingine unaniachia funguo, niipime-pime." Papa Kasereka akacheka, akamgonga mkono. Hakuna aliyejiuliza kwa nini fundi mzee anataka funguo za gari isiyofika popote.

Kuifunga kulituchukua siku nne, uani kwa Papa Kasereka. Sijawahi kufanya kazi ambayo niliifurahia hivyo. Betri ya Sambaza ilikuwa nyuma, kwenye buti; tukapitisha waya mnene kutoka pale chini ya zulia mpaka mbele, na fyuzi karibu na betri, maana Papa Hangi alisema waya bila fyuzi ni moto unaongoja siku yake. Ampli tukaiweka chini ya kiti cha abiria, mahali pekee ilipoenea. Tukakwangua rangi ya chuma mpaka kikang'aa ndipo tukafunga waya wa ardhi. Milango ilikuwa myembamba, ikitetemeka, kwa hiyo tuliifungua tukaishindilia vipande vya godoro kuukuu, na tukajaza na dari pia, mpaka mlango ukifungwa unasikia pumzi yako mwenyewe. Kisha akanieleza jambo ambalo nawaeleza na ninyi, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Kuna sauti ya mbele, ile kila mtu anazungusha kwenye radio. Na kuna sauti ya nyuma, skrubu ndogo kwenye ampli yenyewe, ambayo inaamua nguvu itakuwa kiasi gani. Ukiibana ile ya nyuma, mtu azungushe ya mbele mpaka mwisho, hatapata kitu kikubwa. Ile ya nyuma aliiweka mwenyewe. Niliinua kidole kimoja, inakwaruza. Hakunitazama. Akaipandisha tena, akachukua kachupa, akadondosha tone.

Halafu akaingia, akakunja miguu yake mirefu, akafunga mlango na vioo, akatia kaseti. Mimi nilibaki nje na turnevisi mkononi. Gari yote ilitetemeka, kuku wa Papa Kasereka wakakimbia. Kupitia kioo niliona midomo ya Papa Hangi inatembea pamoja na wimbo, kisha ikasimama, kisha akacheka peke yake, na machozi yakamteremka mashavuni. Alipotoka alikaa kwenye tairi. "Nimemusikia Mama Neema," akasema. "Miaka miwili nilikuwa ninaweka ile kaseti, ninasikia kama upepo tu. Leo nimemusikia. Ameniambia nizime." Akanisimulia: kaseti aliirekodi mwenyewe kule Shasha, kwaya ilipoalikwa kando ya ziwa, na mkewe ndiye aliyeimba mbele. Wimbo ulipokwisha, mke akamwona bado ameshika radio yake ya kurekodi juu kama mtu anayetoa sadaka, akamwambia azime, anamaliza mapile, betri zake, bure. Ndiyo hayo tu. Sauti ya mkewe ikimsemesha yeye, kwa jina lake. Basi nikajua funguo zilikuwa za nini.

Sambaza ilibeba maharusi sita au saba mwaka ule. Gauni la bibi-arusi lilijaza gari mpaka dereva hakuonekana, muziki ukapasua kilima, watoto na wazee walikimbia nyuma, na baada ya kilometa moja wote walishuka na kuendelea kwa miguu kwenye matope wakicheka. Lakini siku zilizobaki gari ilikuwa ya Papa Hangi. Kila alasiri baada ya kula alipanda kwa Papa Kasereka, akajifungia mle, akakaa nusu saa, baadaye saa nzima. Sokoni walimtania: muzee amepata ujana, muzee anangoja nani mule ndani? Yeye alicheka nao. Na kila alipotoka mle, jioni hiyo ilinibidi nirudie neno mara tatu ndipo asikie. Vidole vyangu vilianza kufanya kazi hata mezani. Neema aliniuliza jikoni, "Dada, Papa iko na hasira na mimi? Ninamuita, haitike." Nikamwambia amechoka. Nini kingine ningesema?

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja kuchukua radio yake. Nilikuwa kwenye kachumba kangu. Muuguzi alikuwa anapiga kelele ili Papa asikie, kwa hiyo nilisikia mimi, alisikia Neema, walisikia na wapita njia. "Papa Hangi! Nilikuambia ile siku nilikutazama! Hii masikio ilikuwa inaharibika pole pole, ungekaa nayo miaka! Makelele ya ile gari njo inaimaliza! Acha ile gari, Papa, ao kisha mwaka hautasikia hata mvua ku mabati!" Kisha sauti ya Papa Hangi, ya upole, "Nimesikia, mwanangu." Alasiri hiyo hiyo akavaa kofia akapanda kwa Papa Kasereka.

Mungu wangu, nilihangaika. Nilienda kwa Papa Kasereka nikamwomba azuie funguo, akacheka, "Mu hii inchi yetu, mutu mukubwa anasikiliza wimbo ya bibi yake, weye unataka nimukataze? Mimi siwezi." Nilimwomba Neema aseme, akalia, akasema hawezi kumnyang'anya Papa mama yake. Nilitaka kuificha kaseti, lakini ilikaa mfukoni mwake. Na mimi mwenyewe? Mara ngapi nilisimama mbele yake na maneno yamejaa mdomoni! Papa, unajiua masikio. Maneno matatu tu. Lakini yeye alikuwa Papa, na patron, mwenye kazi, na mimi mtoto wa kupokelewa anayekula bugali yake. Na kusema vile ilikuwa kulitaja lile jambo ambalo mwaka mzima tulilificha kwa vidole. Nilikuwa najua tu kuongea naye kwa mikono. Basi nikatumia mikono.

Ilikuwa Jumapili, watu wote kanisani. Nilijifanya tumbo linauma. Funguo zilikuwa msumarini. Nikaingia Sambaza, nikainama chini ya kiti, na kwa ncha ya turnevisi nikavunja tone. Nikazungusha skrubu nyuma, nusu mzunguko. Nikatia kaseti nyingine, nikasikiliza: sauti nzuri, laini, kila neno linasikika. Nikajiambia, haya, atasikia, na haitamwumiza tena. Kisha nikatoa kachupa nilikokaiba mezani. Rangi ilikuwa imebaki chini kabisa. Niliikwangua kwa kijiti mpaka nikapata tone moja la mwisho, nikalidondosha pale pale. Nililisubiri likauke. Lilifanana na lake kabisa. Angalieni ujinga wa mtu wa miaka kumi na tisa: nilipima kwa masikio yangu mwenyewe.

Alasiri akala, akavaa kofia. Nilimfuata, nikasingizia kwamba nataka kupima betri. Akaingia, akafunga. Nilimwona anazungusha sauti ya mbele. Akazungusha tena. Akafika mwisho, mkono ukabaki pale. Akatoa kaseti, akaitazama, akairudisha. Akauma turnevisi, akaibana ncha kwenye spika ya mlango, akakaa hivyo muda mrefu, akatikisa kichwa. Kisha akawasha taa yake ya mkononi akainama chini ya kiti. Nilijua anaangalia nini. Nilimwona anaweka kidole chake juu ya tone, taratibu, akalipapasa. Akazima taa. Alipotoka alifunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Furaha," akasema. "Tone iko salama. Kama tone iko salama, basi ni mimi. Masikio imekwisha."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Yeye alinitazama usoni, akaona machozi, akafikiri namlilia yeye, akaniwekea mkono kichwani. "Usilie, mwanangu. Nilimusikia mingi. Haikukuwa haki yangu." Papo hapo akaanza kufungua ampli kwa mikono yake, bila kuniruhusu nisaidie. Akaibeba nyumbani, akaikunja kwenye kile kitenge cha bluu, akaiweka pamoja na kaseti na kachupa tupu kwenye sanduku la chuma, akafunga, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Kisha akanipa turnevisi yake. Kesho yake aliwaambia wateja kwamba tangu leo kazi iko kwa Furaha. Watu walikuja kunipongeza. Mama Kasereka alileta kuku! Nilipongezwa, mimi.

Nitasema leo, nilijiambia usiku ule. Nitasema tukila. Nitasema Jumapili. Kila siku niliyonyamaza, siku iliyofuata ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na kile kimya pia. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, singeweza kurudisha skrubu. Nilimwomba mara moja, kwa vidole na kwa kelele, ajaribu tena ampli, akatabasamu, "Usinifariji, mwanangu." Na kweli masikio yake yaliendelea kufa, pole pole, kama muuguzi alivyosema, mvua alisikia bado karibu miaka mitatu, Neema anasema. Labda nilimpa mvua ile. Labda nilimwibia mkewe bure. Nimeyapima haya maisha yangu yote na sina turnevisi ya kuuma kwa meno ili nijue. Mwaka ulipokwisha barabara ya Walikale ilifunguka kwa siku chache, nikashukuru kama mwizi, nikarudi Ntoto. Niliandika barua tatu. Zote nilizichoma jikoni. Mara ya mwisho nilimkuta Bihambwe, alikokwenda kuwasalimu ndugu zake, amekaa na mbuzi kwenye jua, kiziwi kabisa, mwenye furaha, akipiga kelele kama viziwi wanavyopiga: "Furaha! Unaweka tone?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Uongo. Tangu siku ile sijaweka tone kwenye kazi yoyote.

Basi nilifika Masisi siku ya maziko, nyuma ya pikipiki, matope mpaka kiunoni. Nilipita kwa Papa Kasereka. Sambaza iko bado uani, bila magurudumu, kuku wanataga ndani. Mwenyewe nilimkuta kilioni, mzee sasa, amekaa na fimbo. "Furaha," akasema, "umekuja kumupigia ya mwisho." Jeneza lilikuwa mbele, chini ya turubai, na viti vilijaa ua mzima mpaka barabarani. Neema, mama wa watoto wanne sasa, akaleta sanduku la chuma, akalifungua kwa ufunguo alioutoa shingoni mwa baba yake asubuhi ile. Kitenge. Kaseti. Kachupa. Na ampli, na tone jekundu juu ya skrubu, zima, jinsi nilivyoliacha.

Mikono yangu ilifanya kazi peke yake. Nikafunga waya kwenye betri ya pikipiki, spika mbili juu ya meza, kaseti kwenye radio niliyokuja nayo. Ilitoka sauti ndogo, laini, kila neno linasikika mpaka benchi la pili. Watu wa mbele waliomjua Mama Neema walianza kulia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza, na Neema ameinama karibu yangu, na nikaona kwamba nisiposema sasa nitakufa nayo.

"Neema. Ni mimi nilipunguza."

"Ulipunguza nini?"

"Sauti. Ile mwaka. Masikio ya Papa haikukuwa imekwisha. Nilivunja tone, nikapunguza, nikaweka tone ingine. Alikuwa anaweza kumusikia Mama bado. Ni mimi."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia siku tatu. Nilingoja anipige, nilitaka anipige. Huko nyuma, mama mmoja akaita kwamba hawasikii kitu.

"Ongeza basi," Neema akasema. "Ba nyuma habasikie."

Sijui kama alinielewa, na mpaka leo sijamuuliza. Nikatia turnevisi, nikavunja tone, nikazungusha nusu mzunguko. Wimbo ukajaa ua, ukapanda mpaka sokoni, ukakwaruza kidogo, jinsi Papa alivyoutaka. Ulipokwisha ulisikika upepo wa ziwa, na mtoto anakohoa mbali, na kicheko cha mwanamke, karibu sana.

"Hangi, zima hiyo kitu. Unamaliza mapile bule."

Watu wote wakageuka kutazama jeneza. Sikuzima.